Foronya Nyeupe za Ostin

Barazani kwa Gharib, pale Mlandege, ilikuwa mwiko kuzungumza siasa. Mwaka ule wa hamsini na saba uchaguzi ulikuwa umeshapita na umewaachia watu chuki za kutosha. Kuna baraza zilizovunjika, kuna watu waliokunywa kahawa pamoja toka utotoni wakaanza kupishana njiani bila ya salamu. Kwa Gharib walikubaliana mapema: siasa iishie kule kwenye kona ya msikiti, hapa ni magari. Basi kila siku baada ya sala ya Alasiri, Duni muuza kahawa akitua jiko lake na dele lake la kahawa chini ya dirisha la Gharib, huja wawili wasiokosa. Mmoja ni Usi, dereva wa teksi aliyestaafu, wakimwita Gia Tatu, kwa sababu gari yake ya mwisho haikuwa na gia ya nne na mwenyewe akiapa kwamba haina haja nayo. Wa pili ni Kificho, mtu wa Tumbatu, aliyeendesha gari la shamba baina ya mjini na Mkokotoni hata mgongo ukamkatalia. Huyo jina lake la barazani ni Shukeni Msukume, maana hiyo ndiyo kauli abiria wake waliyoizoea kuliko zote. Na mwenyewe Gharib, aliyekuwa karani forodhani, jina lake Bwana Ostin. Katika wote watatu yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado na gari.

Gari hiyo, Ostin yenyewe, ilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya banda lenye mlango wa mabati uliofungukia uchochoro wa pili, imefunikwa turubai. Aliyepita mbele ya baraza asingejua kama ipo. Siku nyingi ilikuwa haijatoka. Ijumaa iliyokuwa ikija Gharib alikuwa akimuoza binti yake Shemsa, na Ostin ndiyo itakayomtoa biharusi. Mkewe Mwanapili alikuwa ameshona foronya nyeupe za viti, na Shemsa mwenyewe, kabla hajafungiwa ndani kusingwa mwili kwa manjano na manukato, alizitia ukingo wa lesi kwa mkono wake. Asubuhi ya Jumatano Gharib alizivisha viti peke yake. Alipomaliza alitoka garini kinyumenyume, ameikunja kanzu yake mapajani, asije akaacha hata uzi. Tangu hapo alikuwa ameshakwenda bandani mara kadhaa kufunua pembe ya turubai, kuchungulia, na kufunika tena.

Alipokuja kukaa barazani Alasiri ile, wenzake walikuwa wameshaanza.

— Mimi Ford yangu ya mwanzo, alikuwa akisema Usi, ile ya paa la turubai. Ile gari ilikuwa na akili.

— Chuma kina akili gani? akauliza Kificho.

— Akili nakwambia. Nikimpakia mtu mwongo, haiwaki. Piga hendeli mpaka mkono uteguke, haiwaki. Akishuka tu, inaunguruma.

— Na weye ukiiwasha vipi?

Duni akacheka, kahawa ikamwagika kidogo kwenye kikombe alichokuwa akimimina. Usi hakutahayari.

— Mimi sikuwa nikipiga hendeli. Nilikuwa nampa mtu mwengine.

— Ford yako haikuwa na akili, yakhe, ilikuwa na maji kwenye petroli. Gari yenye akili ni Shevrole yangu miye. Ile ilijua njia. Siku moja nimetoka mjini na watu wa sokoni na matenga yao, usingizi ukanichukua Mahonda. Nikaja kuamka Mkokotoni, imesimama pale pale pa kila siku.

— Na abiria?

— Wamelala na wao.

— Na magari yanayokuja mbele?

— Yanapishwa. Ikipiga honi yenyewe.

Usi akanywa funda la kahawa, akalifikiri jambo lile kwa makini, kama hakimu.

— Haikujua njia ile, akasema. Ilikuwa inaogopa kusimama. Inajua ikisimama haiondoki tena.

— Basi hilo nalo si akili?

Wakacheka wote. Gharib naye akacheka, lakini sikio lake moja lilikuwa nyuma ya nyumba. Alihisi kama amesikia kuku akipapatika bandani.

Usi akasema hayo si kitu. Ford yake ilimwishia petroli njia ya Fumba, hakuna nyumba wala mtu, na nyuma alikuwa na debe la mafuta ya nazi ya bibi mmoja aliyekuwa akiyapeleka harusini. Akayamimina kwenye tangi. Gari ikaenda mpaka mjini, tena kwa ulaini, ila ilikuwa ikinukia vitumbua, na kila kijiji walichopita mbwa na watoto walikuwa wakiifuata. Kificho akamsikiliza mpaka mwisho bila ya kupepesa, kisha akasema Shevrole yake ilikuwa na wivu. Akimpandisha mbele mke mkubwa inakwenda kama maji. Akimpandisha mke mdogo inatoa moshi mweusi na kukohoa mpaka mwanamke anateremka analia. Ikabidi amwache.

— Umemwacha mke kwa ajili ya gari? akauliza Duni.

— Mke angepata mume mwengine. Shevrole nani angeichukua?

Ikaja zamu ya Gharib. Yeye hakuwa mtu wa vituko. Alikuwa na magari matatu katika umri wake, na aliyakumbuka kama wengine wanavyokumbuka nyumba walizokaa. Kulikuwa na Ford ya mitumba aliyoipata kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akirejea kwao, gari ambayo mvua ilikuwa ikinyesha ndani kuliko nje. Kulikuwa na Moris nyeusi, ambayo Shemsa alijifunzia kutembea akishika ubao wake wa mlangoni. Halafu Ostin, ya kijani, mpya, iliyoteremshwa melini mbele ya macho yake mwenyewe akiwa bado karani, na makuli wa forodhani walimpigia makofi.

— Nyinyi gari zenu zilikuwa na vituko, akasema. Yangu haina kituko chochote. Ina jambo moja tu. Haijapata kumkatalia mtu. Mgonjwa, maiti, mzazi, mtu anayewahi meli, saa yoyote aje agonge mlango. Mimi siulizi. Natia ufunguo.

— Hilo kweli, akasema Usi. Hilo tunalishuhudia.

Gharib akainamia kikombe chake. Maneno yalikuwa ya kweli kwa Ford, ambayo haikuwa na cha kuharibika. Kwa Moris nayo yalikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Kwa Ostin yalikuwa kweli zamani kidogo. Mwezi uliopita jirani yake Masoud alikuja kuiomba impeleke mamake kwa mganga wa meno, na Gharib akamwambia betri imelala. Betri ilikuwa macho. Kumbukumbu ile ilimpita kama nzi mbele ya uso, akaifukuza, akanyoosha kikombe kwa Duni aongezwe.

Ndipo alipokuja yule kijana.

Walimjua kwa kumwona tu. Alikuwa Hamad, mtu wa Fumba, amehamia mtaani miezi michache iliyopita na mkewe, wamekodi chumba nyuma ya msikiti. Kazi yake kuleta chokaa kutoka tanuri za huko kwao na kuwasambazia waashi kwa rikwama, mkokoteni wake wa kusukuma. Alikuja mbio, na alikuwa mweupe wa chokaa tangu kikoi mpaka kope, ila pale jasho lilipochora michirizi.

— Assalaamu alaykum. Shikamooni wazee wangu.

— Waalaykumu ssalaam. Marahaba, kijana. Karibu kahawa.

— Ahsanteni, sikai. Mke wangu yuko na uchungu tangu alfajiri. Bi Mashavu mkunga anasema mtoto kakaa vibaya, hamwezi tena yeye, apelekwe hospitali sasa hivi. Nimekwenda Darajani hakuna teksi hata moja, meli imeingia, zote ziko bandarini. Gari ya hospitali imekwenda shamba kumchukua mtu. Mimi hapa mgeni. Lakini kila siku nnapita na rikwama langu nawasikia mnazungumza magari. Nikasema kwa wale wazee sitakosa. Nani katika nyinyi ana gari?

Duni akasita kumimina, dele mkononi.

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa kanzu ya Gharib, umelala juu ya paja lake. Aliuhisi uzito wake. Akamtazama Hamad, na badala ya kuiona hali ya yule mtu akaiona ile chokaa. Akaona mkono mweupe umeshika mlango wa kijani. Akaiona foronya, na lesi, na mwanamke anayejifungua amelazwa juu yake. Akaiona Ijumaa, ukoo wa bwana harusi umejipanga mbele ya nyumba, mashangazi zao wanainama kuchungulia viti. Yote hayo yalimpitia kwa muda wa pumzi moja, na alikuwa ameshafungua kinywa. Alikuwa akitaka kusema nini, hata mwenyewe hakupata kujua baadaye, ijapokuwa alijiuliza sana. Usi alimtangulia.

— Ah, mwanangu, akasema Usi kwa sauti ya huruma. Haya unayotusikia ni mambo ya kale. Gari zetu zishakuwa vyuma. Sisi tumebaki na maneno tu.

— Hata moja hakuna?

Hamad aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Gharib, akamkazia macho zaidi, labda kwa sababu ya kanzu yake iliyopigwa pasi.

— Hakuna, akasema Usi.

Kificho alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama masimbi ya kahawa yaliyotuama kikombeni mwake. Duni alikuwa anamtazama Gharib. Na Gharib, Mungu amsamehe, alikuwa anamtazama Usi, na kilichokuwa moyoni mwake wakati ule kilikuwa shukurani.

— Haya, wazee wangu, akasema Hamad. Niwieni radhi kwa kuwakatizia mazungumzo.

Akageuka, akakimbia. Duni akasimama. Akaliacha dele juu ya moto, vikombe kwenye ndoo ya maji, kitambaa chake cha bega akakitupa juu ya baraza.

— Unakwenda wapi? akauliza Usi.

— Atamtia kwenye rikwama, hana gari nyengine. Mtu mmoja halisukumi na mgonjwa ndani.

Akaenda, kandambili zake zikipiga vumbi mpaka alipopinda kona.

Wakabaki watatu. Gharib alingoja mmoja wao aseme jambo, na wakati huo huo alikuwa akiomba wasiseme.

— Ingekuwa Ijumaa imeshapita ungempa, akasema Usi hatimaye. Mimi nakujua. Ndiyo maana nikakuondolea dhima.

Gharib akaupapasa ufunguo juu ya kanzu.

— Harusi ni mara moja. Watu wa mume wana macho. Na yule kijana, umemwona alivyo, mzima mzima ni chokaa. Angeiharibu siku ya mtoto. Atapata tu usafiri. Kama si sasa, baadaye.

— Baadaye lini? akasema Kificho.

Usi akajipangusa mdomo, akageuka kwa Kificho, akajaribu kuirejesha baraza mahali pake.

— Ehe, ile Shevrole yako. Yule mke mdogo, alikuwa mtu wa wapi vile?

Kificho akakiweka kikombe chake chini, taratibu, akakisukuma mbali na yeye kidogo. Kahawa kwenye dele ikaanza kuchemka, ikafura, ikamwagikia makaa, moshi mchungu ukatanda. Hakuna aliyenyanyua mkono kuliondoa.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke nyuma ya mlango wa mbele.

— Baba.

Wote watatu waliijua, na wote wakatazama chini, kwa sababu sauti ya biharusi aliyefungiwa haifai kusikika njiani. Gharib akainuka, akaingia.

Shemsa alikuwa amesimama ukumbini. Uso wake ulikuwa wa manjano kwa singo, nywele zimefungwa, na mikononi alikuwa amekumbata bunda kubwa jeupe. Ilimchukua Gharib kitambo kuelewa kuwa zile ni foronya.

— Nimezitoa, akasema Shemsa.

— Shemsa, mwanangu.

— Dirisha langu liko juu ya vichwa vyenu, baba. Tangu mdogo nnasikia mnayosema pale. Na leo nimesikia.

Gharib alitaka kumweleza. Alikuwa na maneno, na yote yalianzia kwake yeye Shemsa, na siku yake, na heshima yake mbele ya watu wa mume. Alipoyatia ulimini yakawa machache.

— Nilikuwa nakufikiria wewe.

— Najua. Akaliinua lile bunda kidogo, akalishusha. — Ndiyo maana siwezi kuipanda gari ile.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Laiti angefanya mojawapo, Gharib angeweza kumnyamazisha. Nyuma yake, kwenye mlango wa uani, alikuwa amesimama Mwanapili na mikono imejaa singo.

— Ufunguo unao, akasema mkewe.

Gharib akapita baina yao, akaenda bandani. Turubai lilikuwa limeshavuliwa, limetupwa pembeni. Viti vilikuwa wazi, ngozi yake imepasuka katikati na usumba wa nazi umechomoza, maana foronya zile zilishonwa ili kuficha hilo pia. Akafungua mabati, akakaa, akatia ufunguo. Ostin ikawaka papo hapo. Katika umri wake wote wa kuendesha hakuwahi kuiombea gari isiwake ila siku ile. Ingekohoa, ingegoma hata kidogo tu, angepata la kuwaambia watu.

Chumbani kwa Hamad alikuta majirani wa kike wanafua mashuka. Wakamwambia wameshaondoka kitambo. Akageuza, akawafuata, akawapata mbele ya soko la Darajani. Rikwama lilikuwa katikati ya watu, Hamad na Duni wakisukuma nyuma, wachukuzi wawili wa sokoni wakivuta mbele. Ndani, juu ya godoro na magunia ya chokaa yaliyokunjwa, alikuwa Sichana mke wa Hamad, amefunikwa kanga, na Bi Mashavu mkunga akitembea ubavuni, mkono mmoja ndani ya kanga na mwengine ameunyanyua kuzuia jua lisimpige mgonjwa usoni. Sichana hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akitoa sauti ndogo ya chini, moja kwa moja, na sauti hiyo ilimwingia Gharib kuliko kelele.

Akasimamisha gari ubavuni mwao, akashuka.

— Bi Mashavu. Nimeleta gari.

Bi Mashavu alimtazama. Yeye ndiye aliyemzalisha Mwanapili, na siku ile alikuja nyumbani kwa Gharib ndani ya Ford, akiwa amefunguliwa mwavuli kwa sababu ya mvua ya ndani. Aliijua kila gari Gharib aliyopata kuwa nayo, na alilijua banda.

— Umeleta sasa, akasema. Sasa siwezi kumnyanyua. Hivi alivyokaa ndivyo atakavyofika. Nikimhamisha hapa nampoteza yeye na mtoto.

— Basi nifanye nini?

— Nenda mbele. Piga honi, watu watupishe.

Akarudi garini. Akatangulia kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, akipiga honi kila hatua chache. Ostin ilikuwa imesuguliwa kwa ajili ya harusi mpaka ilikuwa iking'ara. Watu wa Darajani, walipoiona gari ya kijani iliyopambwa usafi namna ile ikija polepole inapiga honi, walifikiri walichofikiri. Mwanamke mmoja mbele ya duka la nguo akapiga kigelegele, mwengine akampokea, kikaenda kikafika mpaka upande wa pili wa njia. Muuza machungwa akauliza, "Harusi ya nani leo?" Halafu wakaliona rikwama. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, cha mwisho kikafia mdomoni mwa mtoto wa kike ambaye hakuwa ameona bado.

Kisha yakaja yaliyomwumiza zaidi. Watu wakaanza kumwombea dua.

— Mungu akulipe, mzee.

— Tazama, mtu wa watu amewatolea gari yake.

— Wako bado watu wema.

Gharib aliutazama usukani. Kwenye kioo kidogo cha juu aliviona viti vya nyuma vitupu, usumba umechomoza, na nyuma ya viti, kwa kioo kile kile, Duni na Hamad wameinama wanasukuma, na mkono wa Sichana umeshika ukingo wa rikwama. Nafasi ya kulaza mtu mmoja kwa raha ilikuwa inakwenda tupu mbele yao. Alipiga honi njia yote mpaka Mnazi Mmoja, na kila alipoipiga alitamani kujificha chini ya usukani.

Hospitalini wauguzi walikuja na machela, wakampokea Sichana, Bi Mashavu akaingia naye, Hamad nyuma yao. Wachukuzi wakaenda zao. Duni akajipangusa chokaa mikononi.

— Panda nikurejeshe, akasema Gharib. Dele lako limeachwa motoni.

— Nitakwenda kwa miguu, bwana Gharib.

Miaka yote Duni alikuwa akimwita Bwana Ostin, hata kumsalimia msikitini. Gharib akamtazama akiondoka mpaka akapotea kwenye watu, halafu akaingia garini, akakaa mbele ya lango, akangoja. Ikaadhiniwa Magharibi. Akashuka akasali penye majani kando ya ukuta, akarudi akangoja tena. Aliomba kwa ajili ya yule mwanamke kwa maneno aliyokuwa hajayatumia tangu Shemsa alipougua surua. Katikati ya dua aligundua kwamba anajiombea na yeye, kwamba akifa yule atakaaje barazani, akaona haya hata mbele ya Mungu wake. Akaanza upya.

Taa za hospitali zilikuwa zimewashwa Hamad alipotoka. Alikuwa amenawa uso, na bila ya chokaa alionekana mdogo kuliko Gharib alivyodhani. Akaja moja kwa moja kwenye gari. Gharib akafungua mlango, akasimama.

— Mtoto wa kike, akasema Hamad. Mzima. Mama yake ametokwa na damu nyingi, lakini anasema. Ameniuliza kama nimekula.

— Alhamdulillahi.

— Alhamdulillahi. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu tena— Hakumaliza. Akaichukua mikono ya Gharib yote miwili, akaishika. — Mzee wangu, mimi katika mji huu sina mtu. Nimekuja barazani kwenu mbio, sikukaa, sikunywa hata kahawa yenu. Na wewe ulikuwa huna, ukainuka ukaenda kunitafutia. Umeiazima kwa nani gari hii? Nataka nende nikamshukuru mwenyewe.

Gharib alimtazama. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa jina la mtu. Majina yalimjia, mengi, ya watu wenye magari Mlandege na Vuga na Kikwajuni, watu ambao Hamad asingewajua na asingethubutu kuwagongea mlango. Lolote katika hayo lingemtosha. Akaona hata namna ambavyo angelisema, kwa upole, huku akimwambia asijisumbue.

— Ni yangu, akasema.

Hamad akatabasamu kidogo, kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

— Yako?

— Yangu mimi. Ilikuwapo nyumbani.

— Wakati ule? Nilipokuja?

— Wakati ule.

Hamad hakuivuta mikono yake. Aliiachia, mmoja, halafu wa pili, taratibu, kama anayerudisha chombo cha watu alichokuwa ameshika kwa makosa. Akaitazama Ostin, mbele mpaka nyuma, akatazama ndani kwenye vile viti. Gharib alingoja atukane. Alijua tusi atakalopokea na alikuwa ameshainamisha kichwa kulingoja. Hamad alikuwa anafikiri, na ilionekana kwamba anachofikiri hakina tusi lake.

— Mke wangu anangoja maji ya moto, akasema. Wameniambia nikatafute chupa ya chai.

— Nitakuletea mimi. Nyumbani ipo, na uji utapikwa sasa hivi. Niambie tu—

— La. Nitapata.

Akampita, akaenda mpaka pale rikwama lilipoegeshwa kwenye ukuta, akalitoa godoro lililolowa, akalikunja upande mkavu nje, akalitia tena. Kisha akaondoka nalo kuelekea mjini, gurudumu moja likilia.

Gharib akaingia garini, akafunga mlango. Hakuiwasha. Kitambo kikapita, akasikia mtu anagonga kioo. Alikuwa mlinzi wa lango, ameshika taa ya mkono.

— Mzee, ondoa gari, akasema mlinzi. Umezuia njia ya wagonjwa.

— Naam, akasema Gharib, akatia ufunguo.